Mgeni Ndiye Aanze Kusema

Maman Monitrice hakupenda viti. Katika kiwanda chetu cha kufulia nguo, pale Saint-Gilles, Brussels, nyuma ya stesheni ya Gare du Midi, viti vya plastiki vilikuwepo, vimepandanishwa kwenye kona, lakini aliyethubutu kushusha kimoja kabla ya saa sita mchana alihojiwa kama yuko hospitali. "Uko na mimba? Apana? Mugongo? Apana? Bon, simama." Siku ilianza tukiwa wima, tumeizunguka meza ndefu ya kupangia nguo, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Yeye mwenyewe alikuwa na goti bovu, na alisimama kuliko sisi wote.

Sote tulimwita hivyo, Maman Monitrice, hata mkurugenzi, Mbelgiji mrefu mwenye haya, ambaye mwanzoni alijaribu kumwita kwa jina la ukoo akajikuta peke yake. Monitrice ni yule anayewafundisha watu kazi wakiwa kazini. Kiwanda kilipokea watu wa namna mbili: vijana waliokaa muda mrefu bila ajira, na watu wazima waliotaka kujifunza kusoma huku wakifanya kazi. Tulifua nguo za wazee wanaoishi katika nyumba za kutunzia wazee, nyingi zikiwa mtaa wa Laeken, na vitambaa vya meza vya ofisi za Quartier européen, mtaa wa Umoja wa Ulaya. Asubuhi kazi chini, alasiri darasa juu, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwake.

Habari za alikozaliwa na ukoo wake sizijui vizuri, na sitazitunga. Najua tu kwamba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bukavu, Kivu, mashariki mwa Kongo, na kwamba alipofika Brussels diploma yake haikumfungulia mlango wowote. "Diplôme ni kama koti," alikuwa akisema. "Ya kule haitoshi baridi ya huku. Lakini usiitupe. Vala ingine juu yake."

Basi akavaa nyingine. Alisafisha ofisi za Ulaya karibu na Schuman, akarudi shule katika umri ambao wenzake wanalea wajukuu, akatoka na cheti cha kufundisha kazi. Haya alitusimulia vipande vipande akikunja mashuka, na kipande kimoja alikirudia mno, cha siku zake za kwanza kwenye zile ofisi. "Niliona mambo mingi yenye haikuenda muzuri. Mudomo nilikuwa nayo, lakini hakuna mutu aliniuliza. Kisha na mimi nikazoea. Sikuona tena." Hilo la mwisho alilisema kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa.

Ndipo ilipotoka sheria yake. Mtu akianza kazi kwetu, siku ya kwanza anatazama tu. Asubuhi ya pili, kwenye meza, yeye ndiye anayefungua mdomo kabla ya mwingine yeyote, na anasema alichokiona. Wenyeji hawaruhusiwi kueleza, kujitetea wala kucheka mpaka amalize. "Mugeni njoo, mwenyeji apone," alikuwa akisema, akituonyesha kwa kijiko cha kahawa. "Mwenyeji ni sisi. Tuko na ugonjwa ya kuzoea. Sema, mutoto."

Aliyekulia kwetu Kivu anajua hilo ni kuigeuza dunia kichwa chini miguu juu. Kwetu mgeni anakula kwanza, hasemi kwanza. Na kijana mbele ya wakubwa anasubiri, akisubiri sana anasahau alichotaka kusema, na hapo anasifiwa kuwa ana adabu. Tena usidhani Maman Monitrice alikuwa mwanamapinduzi. Nje ya kile kiwanda alikuwa mkali wa desturi kuliko bibi yangu. Kanisani Jumapili, kijana aliyemsalimia kwa mkono mmoja mfukoni alirudishwa mlangoni akaanze upya. Siku moja kwake, tukisherehekea ubatizo wa mjukuu, nilisogea kwenye sufuria ya sombe, kisamvu chetu, nikasema labda chumvi ni kidogo. Alinitazama mpaka nikarudi nyuma. "Hapa haiko kazini," akasema. Nilipomuuliza baadaye inakuwaje, alishangaa swali lenyewe. Kazini ni kazini, sombe ni sombe.

Kufundisha alifundisha kwa kilichopo mkononi. Papa Sylvestre, aliyekuwa dereva wa malori huko Lubumbashi, alikuja kwetu akiwa na mvi tayari na hajui kusoma. Vitabu vya darasani vilimtia aibu, kwa sababu vilikuwa na picha za watoto na mipira. Maman Monitrice akavifunga, akamletea rundo la sweta. Kila nguo ya mzee ina kibandiko chenye jina, kimeshonwa ndani ya kola. "Soma watu," akamwambia. Kwa hiyo Papa Sylvestre alijifunza kusoma kwenye shingo za wazee wa Laeken. Jina la kwanza alilolisoma bila msaada lilikuwa la bibi mmoja mwenye sweta ya zambarau, na tangu siku hiyo sweta ile ilipofika aliikunja yeye, hakumwachia mtu.

"Miye nilijua barabara yote toka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa," alinieleza. "Lakini bile bibao bya pembeni, apana. Nilikuwa napita tu, kama batu benye habanisalimie. Sasa hata sweta inanisalimia."

Sifa kutoka kwa Maman Monitrice hazikuja. Alipoona Papa Sylvestre amesoma mstari mzima alisema, "Endelea." Hiyo ndiyo ilikuwa medali yake, na tuliigombania.

Mimi niliingia pale nikiwa na miaka ishirini na mitatu na mdomo uliofungwa. Nilikuwa nimepita sehemu nyingi za mafunzo ya kazi, hizi wanazoziita stage, na kila moja iliisha kwa asante, keki ndogo na "bonne continuation". Kuendelea kwenda wapi, hawakusema. Nilirudi kwenye foleni ya ofisi ya ajira, na nyumbani mama yangu aliwaambia watu wa kanisa kwamba Furaha anajipanga. Ukiambiwa unajipanga miaka mingi, unaanza kunyamaza hata mezani.

Siku ya kwanza Maman Monitrice alinitazama kutoka viatu mpaka nywele. "Stage ngapi?" akauliza. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Akanishika mkono. "Wacha. Hii njo ya mwisho. Batu bangu habarudi kwa foleni." Aliahidi hivyo mbele ya kila mtu, bila kumuuliza mkurugenzi. Sikumwamini, lakini usiku ule nililala vizuri.

Asubuhi ya pili ikafika. Ili unielewe, lazima nieleze ile meza. Aliipanga yeye mwenyewe, miaka kabla yangu, na ilikuwa fahari yake. Ilikuwa na visanduku, na kila kisanduku kimefungwa utepe wa kitenge, kila nyumba ya wazee na ua lake, na vitenge hivyo alivikata kwenye nguo zake za zamani. Nguo zilipofika zilitenganishwa: mashati na mashati, sweta na sweta, soksi na soksi. Zikafuliwa hivyo, zikakaushwa, kisha zikarudi mezani, na hapo sote tukaanza kusoma makola na kumtafutia kila mzee vitu vyake. Soksi zilipotea. Vitu vya bibi mmoja vilimfikia babu mwingine. Tulikuwa na kapu zima la vitu visivyo na mwenyewe.

"Sema, mutoto," akasema.

Nilisema bila kupanga. "Nguo ya mutu inafika ikiwa pamoja. Tunaitenganisha. Kisha tunapoteza asubuhi yote kuitafuta tena. Kwa nini tusiache ya kila mutu ndani ya filet yake, ifuliwe hivyo hivyo?" Filet ni mfuko wa wavu, kama ule wa vitunguu.

Hakuna aliyejitetea, kwa kuwa ilikatazwa, na hakuna aliyenitazama. Papa Sylvestre alichungulia kikombe chake kama kuna kitu kimeanguka ndani. Maman Monitrice alichukua kitambaa akaifuta meza, nayo ilikuwa safi. Kisha akasema, "Kazini," na asubuhi yote hakunipa neno. Alibamiza mlango wa mashine, akaipiga pasi ya mvuke kama ina deni. Mimi nilienda chooni nikajisemea kwamba sasa nimejimaliza, kwamba safari hii hata keki haitafika.

Saa sita mchana alikwenda kwenye kona, akashusha viti viwili. Akakaa kwenye kimoja. Nilikuwa sijamwona akikaa.

"Ikala," akasema. Nikakaa. "Ile meza nilitengeneza mimi. Unajua?"

"Najua, maman."

"Nimekukasirikia."

"Najua."

"Bon. Imeisha." Akalinyoosha goti lake. "Alors, unataka tufanye namna gani?"

Tangu siku hiyo nimekutana na wakubwa wengi wa kazi, wengine wana ofisi zenye mazulia na ukutani wameandika maneno mazuri kuhusu kusikiliza. Sijaona mwingine aliyekasirika kwa haki yake yote, akaimaliza hasira kabla ya chakula, halafu akauliza. Namsifu kwa hilo, na simung'unyi maneno.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Tulichagua nyumba moja ya Laeken, tukashindilia nguo za kila mzee kwenye wavu mpaka ukakaa kama gunia la makaa. Zilitoka na sabuni mikunjoni, shati limejiviringa na suruali, na mkuu wa ile nyumba akapiga simu kuuliza kama siku hizi tunatumia maji. Nilitaka kuirudisha meza ya zamani siku hiyo hiyo. Maman Monitrice aliufungua wavu mmoja, akatoa nusu ya nguo, akaurudisha kwenye mashine. "Nusu," akasema. "Nguo iko na haki ya kuzunguka." Tukanunua mifuko mingi zaidi, tukaijaza nusu, na kapu la vitu visivyo na mwenyewe likaanza kupungua mpaka Papa Sylvestre akalichukua kuwekea chupa zake za maji.

Habari hizi zilifika mbali. Walitutembelea watu wa Quartier européen, wale wenye kadi shingoni, waliotumwa kutazama mambo mapya kazini. Mkurugenzi alivaa tai. Mmoja wao akamuuliza Maman Monitrice jina la mbinu yake. "Mbinu gani? Ni mezali," akajibu, ndivyo tunavyoziita methali kwetu, kisha akawapa kahawa, akawasimamisha kuizunguka meza, akawatangazia sheria: wageni waanze. Walianza kutusifu. Akainua kijiko. "Apana kutusifu. Mumeona nini?" Mwishowe dada mmoja kijana wa upande wao akasema kwa sauti ndogo kwamba mahali hapa pana joto, na kwamba dirisha lile halionekani kama linafunguka. Kweli lilikuwa limekwama, na sisi tulikwishalisahau. Likatengenezwa. Mpaka leo tunaliita dirisha la Ulaya.

Lakini kheri ile ilikuja na shari yake. Nafasi moja ya kazi ya kudumu ilikuwa imetengwa, na Maman Monitrice alikuwa ameniahidi hiyo. Ilikuwa kazi ya pale mezani, ya kupanga nguo. Na mezani, kwa sababu ya wavu wangu, kazi ilikuwa imekwisha. Mkurugenzi aliniita akanieleza kwa upole, masikio yamemwiva. Mafunzo yangu yangeisha na majira ya joto. Mdomo wangu ulikuwa umekula nafasi yangu mwenyewe. Nililia ndani ya tramu bila kujificha.

Nilimwambia Maman Monitrice kesho yake. Hakunipa pole. Aliuliza tu kama mkurugenzi alishawahi kusimama nasi mezani asubuhi. Hajawahi. "Donc ni mugeni," akasema.

Akamleta. Yule bwana mrefu alisimama kati yetu na kikombe cha kahawa, akaambiwa aanze. Alitazama kwa muda, kisha akasema kwa unyofu kwamba anaona watu waliomaliza kazi mapema wakisubiri mbele ya mashine za kukaushia, na hajui wafanye nini. Maman Monitrice akamwachia nafasi amalize, kama sheria inavyotaka.

"Muzuri," akasema. "Mimi nitakuambia bafanye nini. Kule Laeken nguo zinafika bien, kisha zinabakia kwa couloir, sababu balezi habana wakati. Zinaingia kabati, armoire ya mutu mwingine, na sisi njo tunatukanwa. Batu betu bapeleke nguo mpaka ndani ya armoire. Baongee na bazee. Hii ni kazi, na zile nyumba zinaitafuta."

Mkurugenzi alifikiri. Alisema wazo ni zuri, ila wazee wengi wa kule huongea Kiholanzi tu, na atakayeingia vyumbani mwao lazima akijue. Akanitazama mimi.

"Atajifunza," akasema Maman Monitrice.

"Na wewe?" akauliza mkurugenzi polepole. "Monitrice ndiye atakayewaongoza huko."

Hapo kila mtu alitazama chini. Tulijua. Mwanamke huyu aliyewafukuza watu wazima mpaka darasani, aliyemwambia Papa Sylvestre kwamba kichwa hakina mwisho wa matumizi kama maziwa, alikuwa amekikimbia Kiholanzi tangu afike Ubelgiji. Flamand, alivyokiita, inakwaruza koo. Kila mwaka alikuwa na sababu: goti, mjukuu, mvua. Sasa aliishika meza yake kwa mikono miwili.

"Bon," akasema. "Na mimi."

Tulisoma pamoja, yeye na mimi, Jumamosi asubuhi. Alikuwa mwanafunzi mbaya ajabu. Alikaa mbele, akabishana na mwalimu, akachungulia majibu yangu bila haya, na nilipomzuia aliniuliza nani alinilea. Njiani kurudi alisoma matangazo ya tramu kwa sauti, abiria wakageuka, yeye akaendelea. Ulipofika mtihani, mimi nilipita na yeye akaanguka.

Angeweza kunyamaza. Nani angemuuliza? Lakini Jumatatu, kabla mgeni hajasema, aliinua kijiko chake akatangaza, "Nimeanguka. Nitarudilia." Vijana waliokuwa pale, kila mmoja na milango yake iliyofungwa, walimtazama. Papa Sylvestre ndiye aliyemjibu. "Endelea, maman," akasema, na kile kiwanda kizima kikacheka, naye akacheka mwisho.

Mara ya pili akapita, kwa kukwaruza koo. Nami nikapata kazi, ya kudumu. Jumapili hiyo mama yangu aliacha kusema najipanga. Alisema "anafanya kazi Laeken," akairudia hata kwa watu wasiouliza. Ahadi iliyotolewa bila ruhusa ilitimia.

Miaka imepita. Alistaafu, na goti likashinda. Nyumba yake Saint-Gilles ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, ngazi nyembamba, hakuna lifti. Watoto wake walivutana nani amchukue, na kanisani maneno yakapita chinichini: mama wa Kikongo, apelekwe nyumba ya wazee, si aibu? Yeye hakumsubiri mtu. Alichagua mwenyewe nyumba ya Laeken, ile ile tuliyoijaribia wavu. "Ninaijua," akawaambia. "Hata armoires najua."

Nilimkuta majira ya baridi yaliyopita, nikisukuma toroli ya nguo. Siku hizi monitrice ni mimi, lakini siku moja moja napeleka nguo mwenyewe, nisije nikazoea. Kwenye wavu mmoja niliona jina lake, lile ambalo miaka yote sikulitumia na hapa pia silitumii. Nilibisha hodi. Alikuwa ameketi dirishani, kitenge kiunoni, sweta juu.

"Maman, umeikala," nikasema.

"Goti. Usianze." Aliupokea mfuko kabla hata hajanisalimia, akaupima kwa mkono. "Imejaa."

"Nusu na kidogo."

"Nusu, Furaha."

Bibi wa chumba cha pili alipitisha kichwa mlangoni. Maman Monitrice akamsalimia kwa Kiholanzi, kile chake chenye Bukavu ndani, akamwambia kwamba huyu ndiye monitrice. Hakuongeza kwamba alinifundisha yeye. Nilijisikia mkubwa kama nyumba.

Kisha akaniambia nishushe kiti nikae. "Mugeni wenu wa sasa ni nani?"

Nikamwambia ni msichana mmoja, amekaa bila kazi muda mrefu, ameanza wiki hii.

"Alisema nini?"

"Alisema majina kwenye filets tunaandika na herufi ndogo sana. Eti sisi tunayasoma, lakini mwenye nguo hawezi kuyasoma. Donc mzee hajui kama ni yake mpaka aambiwe na mutu."

Yale maandishi nilikuwa nimeyachagua mimi, na alilijua hilo. Aliuinua mfuko wake, akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu, akauweka tena magotini.

"Ulikasirika?"

"Nilikasirika, maman."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka midi. Saa sita kamili."

Alicheka mpaka akalishika goti. Halafu akanisukuma bega kwa ule mkono wa zamani wa kukunja mashuka.

"Bon," akasema. "Simama. Enda muandike kubwa."